Jinsi ya kujitengenezea kichujio cha waranti za hisa za Marekani ndani ya Google Sheets

Mdogo wangu anafanya kazi Ngara, juzi kanipigia simu ana haraka kweli, ananiuliza kaka hivi ni kweli ule mradi wa nikeli wa Kabanga hisa zake zinauzwa New York, nikamwambia ndio, kampuni inaitwa Lifezone Metals, iliingia NYSE, yani soko la hisa la New York, Julai 2023 kwa kuungana na GoGreen Investments, alama yake ni LZM, na serikali yetu ina asilimia 16 kwenye Tembo Nickel ambayo ndo inashikilia mradi huku nyumbani. Akasema sawa, ila nikitafuta naona vitu viwili, kimoja hisa, kingine kimeandikwa waranti na bei yake iko chini kabisa, si bora nichukue hicho cha bei rahisi? Nikamwambia usibonyeze kitu mpaka nikutumie maelezo. Maelezo yenyewe yakawa marefu, nikaona bora niyaandike vizuri yawafae na wengine, maana hilo swali la "si bora cha bei rahisi" na mimi nilianza nalo na lilinila hela.

Kwanza tuelewane waranti ni nini, maana neno lenyewe tunalitumia kwa friji na simu. Waranti ya hisa ni haki ya kununua hisa ya kampuni kwa bei iliyopangwa tangu mwanzo, kabla ya tarehe fulani, na hisa hizo kampuni yenyewe ndo inazitoa upya. Ukiwa na waranti huna hisa. Hupati gawio, hupigi kura kwenye mkutano, na tarehe ikifika hisa iko chini ya bei iliyopangwa basi inakufa na hela yako yote inaenda nayo. Nyingi utakazokutana nazo kwenye masoko ya Marekani zimetoka kwenye SPAC, yani kampuni tupu inayokusanya hela sokoni kwanza, kwa kawaida dola 10 kwa hisa, afu ndo inatafuta kampuni halisi ya kuungana nayo. Mwaka 2021 peke yake ziliingia sokoni zaidi ya 600. Na karibu zote zilitumia mpangilio mmoja: bei iliyopangwa dola 11.50, maisha ya miaka 5 kuanzia siku ya kuungana, na kampuni ina haki ya kuziita mapema, yani kuzichukua kwa senti tu kabla ya tarehe, hisa ikipanda sana. Hayo ya kuita nitayarudia kwa kirefu, ndo yaliyoniumiza.

Sasa kuna programu za kulipia za kuchuja waranti na zingine nzuri tu, ila mi nashauri utengeneze yako kwanza, sababu ukijaza mwenyewe kila safu unajua namba imetoka wapi, na ukijua imetoka wapi unajua lini isiaminike. Ni kazi ya jioni moja. Unahitaji kompyuta (kwa simu utateseka), akaunti ya Google, na intaneti.

Orodha ya waranti zote unaipata bure kwa Nasdaq wenyewe, lile soko lingine kubwa la hisa la Marekani. Ingia tovuti ya Nasdaq Trader, tafuta sehemu ya Symbol Directory, kuna mafaili mawili ya maandishi matupu: nasdaqlisted.txt ambalo lina kila kitu kinachouzwa Nasdaq, na otherlisted.txt ambalo lina NYSE na masoko mengine. Wanayasasisha mara kadhaa kwa siku. Ukiyafungua utaona fujo ya herufi na vimstari vya kusimama, usiogope, hivyo vimstari ndo vinatenganisha safu. Nenda Google Sheets, fungua karatasi mpya, bonyeza File afu Import, pandisha faili, na pale inapokuuliza aina ya kitenganishi chagua Custom na uandike kile kimstari | peke yake. Kila faili liweke kwenye karatasi yake, moja iite NAS nyingine OTH. Mstari wa mwisho kabisa wa kila faili si hisa, ni saa faili lilipotengenezwa, ufute.

Kwenye NAS safu A ni alama, B ni jina refu, D inaonesha kama hiyo alama ni ya majaribio tu ya mitambo (Y) au ni ya kweli (N), na E ni hali ya kampuni. Hiyo E watu wanairuka ila ina habari nzuri: N ni kawaida, D maana yake kampuni haitimizi masharti ya soko, E imechelewesha taarifa zake, Q imefilisika. Kwenye OTH safu A na B ni vilevile, ila ya majaribio iko G.

Fungua karatasi ya tatu, na hapa ndo kichujio chenyewe kinaanza. Fomula yangu ya kwanza ilikuwa ya kuchukua kila jina lenye neno "warrant", ikaniletea takataka nyingi, kwa sababu SPAC zinauza pia vifurushi, yani hisa na kipande cha waranti vimefungwa pamoja, na jina la kifurushi linataja waranti ndani yake. Nikaongeza sharti la kutupa kila jina lenye "unit". Takataka zikaisha kweli, ila baada ya siku mbili tatu nikagundua kuna waranti nazijua zipo sokoni na kwenye orodha yangu hazimo, nikatafuta kosa usiku mzima, kumbe herufi u-n-i-t zimo ndani ya "United" na ndani ya "Community", kwa hiyo nilikuwa natupa kampuni nzima kwa ajili ya jina lake. Dawa yake ni kuiambia itafute neno zima, sio herufi katikati ya neno. Fomula nzima ni hii:

=FILTER(NAS!A2:E, REGEXMATCH(NAS!B2:B,"(?i)warrant"), NOT(REGEXMATCH(NAS!B2:B,"(?i)\bunits?\b")), NAS!D2:D="N")

Ile (?i) inasema usijali herufi kubwa au ndogo, na zile \b ndo mipaka ya neno. Kwa OTH unabadilisha jina la karatasi, mwisho unaweka G badala ya D na unavuta safu A mpaka H. Ukishabonyeza enta inakumwagia orodha ya waranti tupu.

Kabla hujaendelea soma yale majina polepole, usikimbilie bei. Hasa kwenye OTH, majina mengine yana mkataba mzima kwa kifupi, utakuta imeandikwa kila waranti nzima inanunua hisa moja ya daraja A kwa dola 11.50. Hapo umeshapata bei iliyopangwa na uwiano (waranti moja inanunua hisa ngapi) bila kufungua waraka wowote. Na angalia alama zenyewe: waranti ileile ya NYSE kwenye safu moja inaishia .W, kwenye nyingine .WS, kwenye nyingine ina alama ya kujumlisha mwishoni. Broka wako, yani kampuni inayokununulia na kukuuzia hisa, anaweza kuwa na namna ya nne. Ukiandika alama kwa broka ikakataa, usidhani waranti imetoka sokoni, jaribu namna zingine kwanza. Za Nasdaq ni rahisi zaidi, mara nyingi ni alama ya hisa na W mwishoni.

Sasa karatasi ya nne, hii ndo ya kazi. Usihamishie waranti zote, hutamaliza, chukua kumi au ishirini za kampuni ambazo walau unajua zinafanya nini. Safu zangu ni hizi: A alama, B bei ya hisa, C bei ya waranti, D bei iliyopangwa, E uwiano, F tarehe ya kufa, G masharti ya kuitwa, H hali (bado inatafuta kampuni, imetangaza, au imeshaungana). Bei ya hisa unaweza kuivuta yenyewe kwa =GOOGLEFINANCE("NYSE:LZM","price"), ila bei za waranti mi najaza kwa mkono kutoka kwa broka, mara nyingi Google haizileti na ni heri kujaza kwa mkono kuliko kuamini bei ya wiki iliyopita.

Afu fomula nne:

Thamani ya ndani (ungepata kiasi gani ukiitumia leo): =MAX(0,(B2-D2)*E2)
Bei ya kurudisha hela: =D2+C2/E2
Hisa ipande asilimia ngapi: =(D2+C2/E2)/B2-1
Siku zilizobaki: =F2-TODAY()

Tuchukue mfano wa namba za kujifunzia tu. Waranti ya kwanza: hisa dola 14, waranti dola 3.60, bei iliyopangwa 11.50, uwiano 1. Thamani ya ndani ni 2.50, yani katika hizo 3.60 kuna 1.10 unalipia muda. Bei ya kurudisha hela ni 15.10, hisa inatakiwa ipande asilimia 7.9 hivi ili uwe sawa. Ya pili: hisa dola 9, waranti 1.20. Thamani ya ndani sifuri, bei ya kurudisha 12.70, hisa ipande asilimia 41. Ya tatu: hisa 6.40, waranti senti 15, imebakiza miezi saba. Hisa inatakiwa ifike 11.65, yani ipande asilimia 82 ndani ya miezi saba. Sasa angalia, ile ya senti 15 ndo mgeni anaikimbilia, kwa dola 150 tu unapata waranti elfu moja, na ndo ghali kuliko zote tatu. Nikimweleza mdogo wangu hivi alinyamaza kwenye simu muda, afu akasema kumbe. Urahisi wa waranti hauko kwenye bei yake, uko kwenye safu ya asilimia na ya siku, na hizo safu mbili uzisome pamoja kila mara.

Vichujio vyangu mimi: siku zisipungue 540, uwiano niwe nimeusoma kwenye waraka na sio kukisia, kampuni iwe imeshaungana, na pengo la bei liwe chini ya asilimia 10. Hilo la kuungana lina sababu yake, SPAC ikishindwa kupata kampuni inafungwa, wenye hisa wanarudishiwa hela iliyowekwa, wenye waranti hawapati hata senti. Mtu anayejua anachofanya anaweza kuzicheza hizo, ila kwa anayeanza mi nazitoa. La pengo ni hivi: waranti nyingi hazina watu, anayetaka kununua anatoa 0.08 na anayeuza anataka 0.13, ukinunua kwa 0.13 na ukabadili mawazo dakika hiyohiyo utauza kwa 0.08, umeshapoteza asilimia 38 kabla hisa haijasogea. Na kila mara weka oda yenye bei uliyoitaja, usitumie oda ya bei yoyote ya soko, kwenye waranti hiyo ni kujitakia.

Kuna mtego mmoja utauona kwenye kichujio chako na utadhani umeokota dhahabu. Unakuta hisa dola 20, bei iliyopangwa 11.50, thamani ya ndani 8.50, na waranti inauzwa senti tano. Moyo unadunda. Ukiona hivyo jua karibu kila mara kampuni imekunja hisa zake, zilizokuwa nyingi zimefanywa moja, na bei iliyopangwa imebadilika ila wewe hujaibadilisha. Mfano halisi ni Swvl, ile kampuni ya mabasi iliyoanzia Misri na ambayo iliwahi kubeba watu Nairobi, iliingia Nasdaq Machi 2022 kwa kuungana na Queen's Gambit, afu Januari 2023 ikakunja hisa 25 kuwa 1. Kwa mkunjo kama huo 11.50 inazidishwa mara 25 inakuwa dola 287.50 kwa hisa moja mpya, na waranti moja inakupa moja ya ishirini na tano ya hisa. Mtu aliyebaki na 11.50 na uwiano 1 kwenye karatasi yake ataona utajiri ambao haupo. Kwa hiyo nimeweka rangi: thamani ya ndani ikiwa kubwa kuliko bei ya waranti, kisanduku kinakuwa chekundu. Nyekundu kwangu maana yake nina kosa kwenye D au E, nenda kasome waraka.

Na waraka unasomwa EDGAR, ile hifadhi ya nyaraka ya SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya hisa Marekani, bure kabisa na kampuni zote ziko humo. Andika alama ya kampuni, zitakuja taarifa zake. Kampuni za Marekani tafuta 10-K (taarifa ya mwaka) na 8-K (tangazo la jambo jipya), kampuni zilizosajiliwa nje kama Lifezone utakuta 20-F na 6-K badala yake. Mkataba wenyewe unaitwa "Warrant Agreement" na mara nyingi umeambatishwa kwenye kundi la nyaraka zinazoanza na namba 4. EDGAR ina pia utafutaji wa maneno ndani ya nyaraka zote kuanzia 2001, weka maneno kwenye alama za kunukuu. Kwa kila waranti ninayoifikiria natafuta "notice of redemption", yani notisi ya kuitwa, pamoja na jina la kampuni. Dakika mbili tu.

Sasa hili la kuitwa. Mkataba wa kawaida unasema hivi: hisa ikifunga dola 18 au zaidi kwa siku 20 za soko kati ya siku 30, kampuni inaweza kutangaza kwamba inazichukua waranti zote kwa senti moja moja, na inakupa angalau siku 30 za notisi. Wanachotaka ni kukulazimisha uzitumie au uziuze, hakuna mwenye akili anayesubiri senti. Lakini usipojua umeitwa, unaipata hiyo senti. Mwaka 2021 nilikuwa na waranti 400 za kampuni moja, nilinunua kwa 2.10, dola 840, hela ya kuweka akiba miezi mingi. Hisa ikapanda, nikawa nafurahi tu, waranti ikafika karibu dola 7. Notisi ikatoka. Broka wangu aliiweka kwenye kisanduku cha ujumbe ndani ya akaunti, kwenye barua pepe haikuja, na mimi ule mwezi nilikuwa na msiba sikuingia kabisa. Nilipofungua nikakuta waranti hazipo, na kwenye salio kuna dola nne. Nne. Zingeuzwa wiki moja kabla zilikuwa karibu 2,800. Sikumwambia mke wangu kwa muda mrefu.

Ndo maana safu ya G kwangu sio namba tu, ni maneno, nakopi kifungu chenyewe. Na usikariri 18 peke yake. Mikataba mingi ya kuanzia 2020 ina kifungu cha pili: hisa ikifika dola 10 tu kampuni inaweza kuziita kwa senti 10, na wewe unaruhusiwa kubadilisha bila kulipa hela kwa kupokea sehemu ya hisa kulingana na jedwali lililoko ndani ya mkataba. Hiyo inabadilisha hesabu yote, kwa sababu ile ndoto ya kwamba utaishika miaka mitano ikue inaweza kukatwa hisa ikiwa dola 10 au 12. Ukiona "$10.00" kwenye sehemu ya kuitwa, soma jedwali, tafuta mstari wa miezi iliyobaki na safu ya bei ya hisa, pale zinapokutana ndo sehemu ya hisa utakayopewa.

Kwa hiyo ongeza safu I: siku ngapi hisa imefunga juu ya kiwango cha kuitwa. Unaweza kuhesabu kwa mkono ukiwa na waranti mbili tatu, au uvute bei za siku 45 zilizopita kwa GOOGLEFINANCE kwenye karatasi ya pembeni na uzihesabu kwa COUNTIF, chukua mistari 30 ya mwisho. Mimi zikifika 12 naanza kuangalia EDGAR kila asubuhi, zikifika 20 nauza, sisubiri tangazo. Wengine wataniambia naacha hela mezani, sawa, ila mi najua usingizi wa ile dola nne.

Kama utataka kuitumia badala ya kuiuza, yani ulipe 11.50 upate hisa, mpigie broka kabla, muulize anatoza kiasi gani na anahitaji siku ngapi, kuna wanaotaka uombe kwa simu na wengine wanafunga maombi siku kadhaa kabla ya tarehe ya mkataba. Kwa waranti chache kuuza ni rahisi zaidi.

Mdogo wangu jana kanitumia picha ya karatasi yake, mstari wa kwanza ni Lifezone. D ameweka 11.50, E ameweka 1, F ameweka 6 Julai 2028, hiyo ni miaka mitano tangu waungane. Safu ya G ameiacha wazi. Nimemwambia bei ya leo asiijaze mpaka G iwe imejaa, na kanijibu ameshafungua mkataba, yuko ukurasa wa tisa, Kiingereza chake kigumu ila anaenda.